Kuku Katika Kila Picha

Chanika, Handeni
Jumapili, tarehe 9 Juni 2024

Kwa kaka yangu Raymond,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tunduma, wewe, wifi Joyceline na watoto wote, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi ya mwaka jana kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mvua imetunyeshea vizuri kuliko tulivyotegemea, mahindi ya uani kwangu yamekomaa, na mimi bado nafundisha darasa la kwanza, watoto themanini na mmoja, sauti imebaki ya kunong'ona. Baba naye yupo. Anakusalimu, ingawa najua hukumuulizia.

Tafadhali usiikunje barua. Nakujua. Kwenye simu nikimtaja baba tu mtandao wako unakuwa mbaya ghafla, ndiyo maana safari hii nimeshika kalamu, maana karatasi haina kitufe cha kukatia. Nakuomba uisome mpaka chini, hata kama itakuchukua siku tatu. Ndani yake mna shukrani niliyochelewa kuitoa kwa miaka arobaini na miwili. Mna na jambo jingine ambalo ukilijua huenda ukawa na sababu ya kunikatia simu mimi.

Nianze na macho ya baba. Mwezi wa tatu nilimpeleka kliniki ya macho Korogwe, kwa sababu alikuwa anamimina chai nje ya kikombe na kusingizia kwamba kikombe ni kidogo. Daktari akasema ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa ya matone inachelewesha tu. Akaniita pembeni akaniambia kwamba kama kuna mtu baba angependa kumwona, basi asisubiri Krismasi. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza kama nina karatasi.

Tangu siku hiyo anachora kila asubuhi barazani, nyuma ya mitihani ya zamani ya wanafunzi wangu. Anamchora Bwana Haraka wake yule yule wa gazetini, na suruali yake fupi, akikimbilia basi ambalo ni la kesho. Anachora mbwa, anachora wauza ndizi. Ila kuna mtu mmoja anayemwanza na hammalizi: anaweka mabega, anaweka shati na kola yake, halafu usoni anaacha wazi. Nilipomuuliza ni nani, alisema ni mtu ambaye uso wake aliuona mara ya mwisho ukiwa na miaka kumi na sita. Alisema kwenye mazishi ya mama mtu huyo alisimama nyuma ya watu wote akiwa amevaa kofia, na yeye hataki kukisia. Sikumuuliza zaidi, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Sasa sikiliza nilichokipata Mazingara. Mwezi wa nne walimu wa madarasa ya chini tulipelekwa huko wiki nzima kwa mafunzo ya kufundisha kusoma, na mimi nikapangiwa kulala kwa mwalimu mstaafu anayeitwa Bi Mwantumu Mdoe. Ni mama wa Kizigua, mfupi, mkali, wa kusali swala zake kwa wakati na kukukaripia ukiacha ugali kwenye sahani. Siku ya tatu, wakati wa chai ya asubuhi, nililalamika kwamba watoto wa siku hizi wanakariri kurasa bila kusoma. Akacheka akasema hata wa zamani walikuwa hivyo hivyo, dawa ni kuwapa hadithi ya mtu wanayemjua. Akaenda ndani akavuta sanduku la bati, akanitolea vitabu alivyofundishia enzi zake.

Kimoja kilikuwa kijitabu chembamba, kimewekewa jalada la kalenda ya zamani kama tulivyokuwa tukiyafunika madaftari yetu, ndiyo maana nje hakikuwa na jina. Ndani kimeandikwa Njia ya Zahanati. Kurasa kumi na sita za stensili, wino umefifia mpaka umekuwa rangi ya chai. Nikafungua ukurasa wa kwanza kwa adabu tu, ili mwenyeji wangu asione simjali. Kulikuwa na picha ya nyumba za kambi ya mkonge, mstari mzima, na mlango wa tatu una shuka yenye kiraka cha pembetatu badala ya pazia. Kaka, usiku shuka iliposhushwa, kile kiraka nilikilalia utoto wangu wote. Nikatazama chini ya picha, kwenye kona ambayo wewe na mimi tulizoea kutazama kabla ya kitu kingine chochote. Kuku alikuwepo. Amegeuza mgongo, amesimama kwa mguu mmoja, hajali dunia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimtafuta kuku wa baba kila gazeti lilipofika? Dar nzima ilimtafuta. Watu walibishana vijiweni yuko wapi wiki hii, amejificha nyuma ya ndoo au juu ya paa. Wote tulidhani kuku huyo alizaliwa pamoja na Bwana Haraka. Kumbe alikuwa kule kwetu kambini Mazinde, miaka kadhaa kabla ya gazeti lolote kumjua baba, akizurura ndani ya kitabu cha watoto ambacho hata mimi, binti wa mchoraji, sikuwahi kukisikia. Nikafunua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Yupo katika kila picha.

Bi Mwantumu aliponiona nalia alidhani kuna msiba. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Simeo Lukasi, yule aliyekuwa karani wa mizani Mazinde. Akaweka kikombe chini, akaniuliza kama mimi ndiye yule mdogo aliyebebwa. Nikasema sijui anasema nini. Akasema basi nikae vizuri, kwa maana maneno ya kitabu hicho aliyaandika yeye, alipokuwa mwalimu kijana wa shule ya pale pale shambani, na picha alichora baba, na hadithi si ya kutunga.

Ninavyokuandikia hapa ndivyo alivyonieleza. Mwaka wa themanini na mbili, mimi nina miaka mitatu na wewe minane, nilishikwa na homa asubuhi baada ya mama kwenda kukata mkonge na baba kwenda mizani. Tulibaki wawili tu. Nilipoanza degedege hukumwita mtu, kwa sababu kambi nzima ilikuwa kazini. Ulinifunga mgongoni kwa ile shuka ya mlangoni, ukashika njia ya reli ya matoroli, ukanipeleka mpaka zahanati ya Mombo kwa miguu. Katika kitabu njia hiyo imechukua kurasa tisa. Kuna ukurasa ambao mkonge umekuzidi kimo pande zote mbili na wewe ni kitu kidogo sana katikati, chenye vichwa viwili. Kuna ukurasa ambapo wewe umepiga magoti kwenye reli, na kuku amesimama mbele yako kama anayekusubiri uinuke. Baba na mama waliporudi wakakuta mlango hauna shuka, na baba akakimbia njia nzima akifuata nyayo zako.

Miaka yote hii, kaka, mimi nilijua kwamba aliyenipeleka Mombo ni baba. Ndivyo nilivyowasimulia hata wanangu. Wewe ulinisikia nikisimulia hivyo, zaidi ya mara moja, ukanyamaza.

Kisha nikafika ukurasa wa kumi na moja. Mtoto mgongoni amefumba macho, na meno yake yamezama kwenye bega la kaka yake. Kaka amekunja uso, machozi yanamtoka, lakini mikono yake huko nyuma haijaachia. Bi Mwantumu alisema mganga wa zahanati alipata kazi kubwa kuniachanisha na bega hilo. Alisema baba alipotaka kuichora picha ile wewe ulikataa, ukasema dada akikua ataona aibu. Mkakubaliana kwamba itachorwa kwa ajili ya watoto wa shule, lakini kitabu hakitaingia nyumbani kwetu.

Lile kovu kwenye bega lako la kushoto. Nilikuuliza si chini ya mara tano ukaniambia ni mwiba wa mkonge. Nililicheka! Nilikuambia mkonge gani unaacha alama ya duara. Ukasema mkonge wa Mazinde. Ahsante, kaka. Sina neno kubwa kuliko hilo, na kwa hilo nakuandikia kwa herufi za darasa la kwanza ili lisomeke: AHSANTE. Ahsante kwa mgongo, kwa bega, na kwa kunidanganya.

Bi Mwantumu hakunipa kitabu, na sikumlaumu, maana nakala nyingine zote zililiwa na mchwa kwenye stoo na hiki ndicho pekee kilichobaki. Alinikopesha kwa wiki mbili na kuniapisha kama mtoto. Nilitoa nakala Korogwe, na ndiyo hiyo niliyoifunga pamoja na barua. Hakikisha kondakta amekukabidhi bahasha ikiwa nzima.

Baba nilimpelekea kitabu chenyewe. Aliishika dirishani kila picha mbele ya jicho lake la kushoto, akiisogeza polepole kama mtu anayetunga uzi kwenye tundu la sindano, na hakuuliza nimeitoa wapi. Baadaye ndipo akasema. Alipokwenda Dar kutafuta kazi ya kuchora alikuwa na kitu kimoja tu cha kuonyesha, nacho ni Njia ya Zahanati. Mhariri wa lile gazeti la vichekesho alikipekua, akasema picha ni nzuri sana lakini hakuna atakayecheka, amletee cha kuchekesha. Baba akakiweka chini ya godoro, kikaliwa na unyevu wa Dar, na toka hapo mkono wake ukawa unakimbilia kicheko. Alisema kwamba hajawahi kuchora vizuri tena kama kwenye kurasa zile, na kwamba alijua hivyo kila wiki kwa miaka ishirini na sita.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napaogopa. Nimenyanyuka mara mbili kuangalia maharage ambayo hayajawekwa jikoni.

Unajua utaratibu wa baba alipokuwa akirudi mwisho wa mwezi. Anakaa kwenye kiti chake, anaweka boksi la penseli mapajani, anasema nipeni kichekesho. Atakayemchekesha anachagua penseli. Wewe hukuwahi kupata hata moja, kwa sababu hukuwa mtu wa vichekesho, ulikuwa mtu wa kumuuliza ataondoka lini. Mimi nilizipata nyingi. Lakini mwezi ule kulikuwa na moja ya rangi mbili, nyekundu huku na bluu kule, na vichekesho vyangu vyote vilikuwa vimekwisha.

Kipaimara chako kilikuwa wiki mbili kabla ya hapo. Nyumbani hapakuwa na kiwi ya viatu, nawe hukutaka kumsumbua mama. Ukachukua samli aliyonunua kwa Wamasai, ukachanganya na masizi ya sufuria, ukang'arisha viatu vyako mpaka vikawa vinaonyesha uso. Tukatoka wawili, mama ametangulia na kina mama wenzake. Mbwa wa kwanza alikuja kwa adabu. Tulipofika kwenye reli walikuwa saba. Ulipanda juu ya toroli na bado walikufuata, mmoja akaondoka na kiatu cha kulia. Ukavua na cha kushoto, ukamwendea askofu miguu mitupu, ukamwambia mama vilikubana. Ukaniapisha. Nikalamba kidole nikakipitisha shingoni.

Ni mimi niliyemwambia, Raymond. Si mama, wala baba hakujificha mahali akaona. Nilimnong'oneza sikioni nikiwa nimesimama kwenye kiti chake, na alicheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikachukua penseli. Niliimaliza kwa majuma mawili, nikichora majani ya bluu na mbuzi wekundu.

Gazeti lilipokuja, na yule mtoto mwenye masikio yako na pengo lako, na mbwa saba, na Bwana Haraka akiuliza nani anakaanga kitu, nilimtafuta kuku kwanza. Sikuelewa mpaka nilipokuona wewe. Kufikia jioni kambi nzima ilikuwa inakuita Samli. Walikuita Samli shuleni, walikuita Samli kanisani, hata yule mwalimu wa hesabu. Ulimkabili baba njiani mbele ya watu ukamuuliza nani kamwambia, naye akajibu kwamba mchoraji haulizwi picha ameitoa wapi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, nimeshika ndoo. Ningeweza kusema. Niliendelea kushika ndoo, na ulipoondoka nyumbani miaka mitatu baadaye kwa ajili ya neno hilo moja nilikuwa bado nimeishika, kwa namna ya kusema, mpaka leo.

Kabla sijakirudisha kitabu nilimuuliza baba kwa nini hakukwambia. Ingetosha kumtaja mtoto wa miaka minane tu, ungenitukana, yangeisha. Akajibu taratibu, akiwa bado amekumbatia kitabu. Alisema yeye alikuwa mtu wa mwisho wa mwezi, na mama alikuwa mtu wa mkonge kuanzia alfajiri. Pale nyumbani ulikuwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Akimtaja huyo, alisema, wewe utabaki na nani? Akaona ni nafuu umchukie yeye, ambaye kwanza hayupo.

Hakujitetea kwa mengine. Alisema kosa la kuichora lilikuwa lake, mimi nilikuwa mtoto lakini yeye alikuwa na ndevu. Alisema alijua masikio yale ni ya nani na mkono wake haukusimama, na kwamba angalikuomba msamaha mwezi ule ule, lakini kila mwezi uliopita uliufanya ule unaofuata kuwa mgumu zaidi. Alilia, na kwa kuwa jicho moja halioni tena nilishangaa kuwa nalo linatoa machozi.

Kwa hiyo hesabu yake iko hivi, kaka. Wewe uliitunza aibu yangu kwenye bega lako. Mimi niliiuza yako kwa penseli. Na yule uliyemwacha ndiye aliyeificha ya kwangu, ili wewe usibaki peke yako. Nimeishi vizuri sana kati yenu wawili, nikipendwa na kila upande, na wala sikustahili.

Sikuombi unisamehe kwanza. Hilo lina wakati wake, na hata usiponisamehe nitakuelewa. Nakuomba uje mapema, kabla bomba lile halijaziba. Panda basi, shuka Korogwe, nitakuja kukupokea, au kama hutaki kuniona nitamtuma jirani. Utakapokuwa hapa mimi nitakaa jikoni. Keti tu barazani mbele yake, upande wa kushoto, pale penye mwanga, bila kofia. Huhitaji kusema neno. Ameiacha nafasi ya uso na anahitaji nusu saa tu.

Tazama ukurasa wa mwisho wa nakala. Mtoto wa kike amezinduka, amekaa kwenye benchi la zahanati, na kaka yake amelala sakafuni na shuka imemfunika. Chini Bi Mwantumu ameandika: Kaka amechoka. Leo dada atalinda. Aliniambia maneno hayo si yake, ni baba aliyemwomba ayaandike. Nimechelewa kuyasoma, lakini nimeyasoma.

Nifikishie kwa wifi salamu zangu nyingi, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Waambie babu yao anachora mbwa vizuri mno. Kopo la kiwi nyeusi nimelinunua, lipo hapa dirishani, halijafunguliwa.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyembeba,

Asnath